Kadi ya ulemavu si bima: namna ya kuziba mianya ya matibabu ukiwa kazini

Kadi ya ulemavu huonyesha kuwa umesajiliwa, lakini hailipi hospitali. Mfanyakazi mwenye ulemavu, awe Kisumu, Nakuru au Kakamega, hutegemea sehemu tatu: SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali) kwa matibabu ya hospitali, mwajiri kwa bima ya ziada na majeraha ya kazini, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa vifaa. Wengi hukosa msaada kwa kuomba pasipohusika.

Anza na SHA. Piga *147# uhakikishe usajili na michango yako viko sawa. Mwajiri hukukata asilimia 2.75 ya mshahara wote, wala si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipwa 30,000 hukatwa 825. Pesa hizo zinapaswa kufika SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Slipu ya mshahara ikionyesha umekatwa na SHA ikionyesha hujalipiwa, pesa zimekwama kwa mwajiri. Peleka nakala za slipu katika ofisi ya SHA mapema, usingoje siku ya kulazwa.

Kibarua kikiisha, makato nayo hukoma. Hapo unatakiwa kupimwa kipato na kujilipia mchango wa mwaka mzima. Usajili pekee unakupa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila malipo, lakini kulazwa katika hospitali kubwa kunataka mchango uliolipwa.

Cheti cha msamaha wa kodi nacho kinaeleweka vibaya. Kinaondoa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, basi. Hakigusi SHA. Mhasibu akikwambia atasitisha makato hayo kwa sababu una cheti, kataa kwa maandishi, maana wewe ndiwe utakayekutwa huna bima.

Kama mwajiri ana bima ya kampuni binafsi, omba mkataba wenyewe, si kijikaratasi cha matangazo. Tafuta sehemu ya yasiyolipiwa. Humo mara nyingi ndimo kunafichwa miguu bandia, shimesikio (vifaa vya kusaidia kusikia), viti vya magurudumu na matibabu ya hali uliyokuwa nayo kabla ya kuajiriwa. Angalia pia muda wa kungoja na kiwango cha juu cha tiba ya mazoezi ya viungo: bima ya mamia ya maelfu inaweza kuruhusu vikao vichache tu kwa mwaka. Andikia ofisi ya wafanyakazi ukitaja kifaa au tiba unayohitaji kwa jina, na udai jibu la maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia dirishani hospitalini.

Ukiumia kazini, usikubali kutibiwa kwa kadi ya SHA halafu mambo yaishie hapo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inambebesha mwajiri gharama za tiba, zikiwemo za kukupatia, kukarabati na kubadilisha viungo bandia na magongo. Mwarifu kwa maandishi siku hiyo hiyo na ubaki na nakala yenye muhuri. Naye ana siku 7 za kuripoti kwa idara ya usalama na afya kazini. Ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki yako inapotea. Hili linawahusu vibarua wa mashamba ya maua na viwanda vya sukari vilevile, hata wasio na barua ya ajira, kwa hiyo weka jumbe za malipo na majina ya mashahidi.

Kwa kifaa kisichotokana na jeraha la kazi, omba kwa Baraza kupitia ofisi yake ya kaunti. Utahitaji usajili, unaotokana na tathmini ya hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Omba kifaa kipya wakati cha zamani kikiwa bado kinatumika, kwa kuwa kungoja huchukua muda. Kiti cha magurudumu kisiagizwe bila vipimo vya mtaalamu: upana wa nyonga, urefu wa paja, na urefu kutoka goti hadi kisigino. Kiti kipana kupita kiasi humlaza mtu upande mmoja, shinikizo likaelemea sehemu moja ya makalio, na kidonda cha shinikizo kikianza kinaweza kumtoa kazini kwa miezi.