Somo: Kusoma chati ya kuzaliwa, anza na saa kabla ya nyota

Wengi wakiulizwa nyota yao hutaja Simba au Nge kwa kuangalia tarehe tu. Hiyo ni buruji ya Jua, yaani ile kati ya sehemu 12 za anga ambamo Jua lilikuwa, na Jua hukaa katika kila buruji karibu mwezi mzima. Chati ya kuzaliwa ni mchoro wa duara unaoonyesha Jua, Mwezi na sayari zilikuwa wapi ulipozaliwa. Kinachoifanya iwe yako ni saa na mahali ulipozaliwa.

Hatua ya 1. Tafuta saa iliyoandikwa siku ile ile. "Alfajiri" haitoshi, kwa sababu buruji inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kwenye programu ya kuchora chati, saa mbili asubuhi iandike 08:00. Ukiandika 02:00, duara lote litakuwa limezunguka karibu robo nzima na nyumba zote (vipande 12 vya duara, kila kimoja na eneo lake la maisha) zitakuwa za mtu mwingine.

Hatua ya 2. Kabla ya kutafsiri chochote, hakiki duara. Mstari wa mlalo ni upeo wa macho. Kushoto ni mashariki, kinyume na ramani. Sayari zilizo juu ya mstari zilikuwa juu ya upeo ulipozaliwa, za chini zilikuwa zimefichwa na dunia. Basi aliyezaliwa wakati wa mawio atalikuta Jua karibu na ukingo wa kushoto, wa adhuhuri atalikuta juu, wa machweo kulia, wa usiku chini ya mstari. Lisipokaa hapo, rudi hatua ya 1. Kwangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Hatua ya 3. Duara lina buruji 12 za digrii 30 kila moja: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Soma mambo matatu kwanza. Kwa wanajimu, Jua ni nia na utashi, Mwezi ni hisia na mazoea, na buruji inayochomoza ni jinsi unavyojitokeza kwa watu.

Hatua ya 4. Nyumba 12 huhesabiwa kuanzia kushoto kwenda chini. Ya 1 ni nafsi, ya 2 mali, ya 7 ndoa, ya 10 kazi na heshima. Zuhura ni mapenzi na uzuri, Mbuzi ni subira na nidhamu. Zuhura akiwa Mbuzi katika nyumba ya 10, msomaji atasema: huyu anapendwa kupitia kazi yake, tena polepole.

Hatua ya 5. Pembe kati ya sayari (0, 60, 90, 120, 180) ziache hadi hatua nne za mwanzo ziingie kichwani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyumba yangu ya 7 ni tupu. Ina maana sitaolewa?*
Hapana. Sayari zinazosomwa ni 10, pamoja na Jua na Mwezi, na nyumba ni 12, kwa hiyo kila mtu ana nyumba tupu. Tazama nyumba hiyo inaanza na buruji gani, kisha ufuate sayari inayoitawala. Ikianza na Punda, tafuta Mirihi iko wapi.

*Chati moja inaniita Simba, nyingine Kaa. Nishike ipi?*
Ya kwanza hupima kuanzia mahali Jua lilipo kwenye ikwinoksi ya Machi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Ya pili, inayotumika sana India, hupima kwa nyota zenyewe. Kwa sasa zinapishana takriban digrii 24. Chagua moja ujifunze nayo, usizichanganye.

*Je, sayansi imethibitisha haya?*
Mahali pa sayari ni hesabu za astronomia. Maana zake ni mapokeo. Jaribio lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985 lilionyesha wanajimu hawakuoanisha chati na wenye chati hizo zaidi ya kubahatisha. Kwa hiyo usiache dawa wala usivunje uchumba kwa sababu ya chati.

*Saa yangu haijulikani kabisa.*
Acha nyumba na buruji inayochomoza, soma sayari tu. Mwezi uuangalie kwa makini: husogea takriban digrii 13 kwa siku, na huenda ulihama buruji siku hiyo hiyo.