Kupeleka genge la wakata miwa Kilombero: mwongozo wa msimu mzima

Miwa ya wakulima wadogo wa bonde la Kilombero, kuzunguka Kidatu, Ruaha na Mkamba, kwa sehemu kubwa hukatwa kwa panga, na mikono mingi inayoshika hayo mapanga haitoki bondeni. Hutoka Njombe, Iringa, Mbeya, Songea. Mwongozo huu ni wa mkandarasi au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayoleta genge kutoka mbali. Ugomvi mwingi unaolipuka kambini mwezi wa pili huwa ulianzia kijijini kabla basi halijaondoka: bei haikuandikwa, nauli haikusemwa ni ya nani. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni ndefu.

Hatua ya 1: Anza na tani, kisha tafuta watu

Uliza kwanza mgawo wako wa miwa ya kupeleka kiwanda cha sukari kwa siku. Mkataji mzoefu kwenye miwa iliyochomwa, yaani iliyounguzwa majani kabla ya kukatwa, hukata tani 4 hadi 5 kwa siku. Mgeni mhesabie tani 2 hadi 3. Ukitakiwa kupeleka tani 200 kwa siku kwa wastani wa tani 4, unahitaji watu 50 shambani. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya wagonjwa na mapumziko: 58. Chukua 60, wagawe magenge mawili ya watu 30, kila genge na mnyapara wake.

Usichukue 90 "kwa usalama". Watu wakizidi miwa, kila mmoja hukata nusu ya anachoweza, ujira unashuka, na wazuri ndio wanaoondoka kwanza.

Hatua ya 2: Jua nani ni mwajiri

Kama unawatafutia tu wakulima watu, wewe ni wakala binafsi wa huduma za ajira, na kazi hiyo inahitaji leseni ya Kamishna wa Kazi. Hutozi mtafuta kazi hata senti. Kama wewe ndiye unayepanga kazi na kulipa, wewe ni mwajiri: kuwasilisha michango ya NSSF ni kazi yako, mchango wa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ni wako peke yako na haukatwi kwa mfanyakazi, na mkata atakapojikata mguu, fomu ya ajali utaijaza wewe. Amueni hili kwa maandishi kati yako na wakulima. Pakibaki utata, siku ya ajali kila upande utanyoosha kidole kwa mwenzake huku mtu amelazwa.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya bei

Iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na isomwe kwa sauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira kwa maandishi. Kwa ukataji, mkataba wa kazi maalumu ndio unaofaa. Andika:

- bei ya tani, kwa miwa iliyochomwa na kwa mibichi (isiyochomwa), kila moja peke yake. Mibichi ina majani makali na hupunguza kasi sana;
- nani anapima, wapi, na mkata anapata nakala gani;
- siku ya malipo;
- malipo ya siku ya kusubiri;
- nauli ya kwenda na ya kurudi, chakula, malazi: nani analipa nini;
- makato yote, kwa shilingi.

Siku ya kusubiri ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kiwanda kinaharibika, mvua inafunga barabara za mashambani, na watu 60 wanakaa kambini wakila. Usipoweka kiwango, siku tatu za kiwanda kusimama zitamla mkata akiba ya wiki nzima. Weka kiasi kisichopungua kima cha chini cha siku kwa sekta ya kilimo kwa mujibu wa Amri ya Mshahara inayotumika, na ukiingize kwenye bei unayoelewana na mkulima.

Nauli ya kwenda isigeuke deni. Mtu anayefika kambini akidaiwa hatakwambia panga lake ni butu wala kwamba ana homa. Ataendelea kukata hadi aanguke.

Hatua ya 4: Andikisha kijijini, mchana, mbele ya watu

Pitia kwa mtendaji wa kijiji. Andika jina kamili, namba ya NIDA, simu, na mtu wa kuarifiwa nyumbani. Wabena walioenda kwenye mkonge wa Tanga zama za ukoloni waliitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba, na kipande chao, yaani kadi ya siku 30 za kazi, hakikuwekwa alama siku ambayo kazi haikumalizika. Neno hilo halijafa. Daftari lako lianze na jina, na nusu siku iliyofanyika iandikwe nusu siku.

Aliye chini ya miaka 18 abaki nyumbani hata kama mzazi anabembeleza; kukata miwa ni kazi hatarishi. Ukipokea watu kutoka Kigoma na baadhi yao wakawa raia wa Burundi, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inadai kibali cha kazi. Bila kibali usiwapandishe basi, maana watakaokamatwa njiani ni wao.

Hatua ya 5: Safari na kambi

Basi lenye leseni, si lori, na lisafiri mchana. Kutoka Njombe ni Makambako, Iringa, Mikumi, kisha kukata kusini kwenda Kidatu. Mnyapara awe na orodha ya abiria.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kisizidi watu wanne. Choo kimoja kwa watu 15, cha wanawake kando na chenye komeo. Chakula cha genge la 30 kwa siku: unga kilo 21, maharage kilo 6, mafuta lita moja na nusu. Usifungue duka la mkopo kambini.

Jambo moja linawagharimu maisha watu wa nyanda za juu. Njombe ni baridi na malaria ni kidogo, kwa hiyo anayeshuka Kilombero hana kinga ya kutosha. Chandarua chenye dawa kiwe kitandani usiku wa kwanza, si wiki ijayo. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Siku kumi za kwanza

Mwili uliotoka kwenye baridi haujazoea joto la bondeni. Siku ya kwanza mgeni akate sehemu ya tano tu ya kazi ya kawaida, na kila siku ongeza sehemu ya tano nyingine. Katika siku hizo mlipe kiwango cha siku, si kwa tani, la sivyo hatakubali kupunguza kasi.

Kazi ianze saa 12 asubuhi na panga liwekwe chini kufikia saa 7 mchana. Maji ni glasi moja kila dakika 15 hadi 20, karibu lita moja kwa saa. Genge la 30 humaliza pipa la lita 200 kwa siku, kwa hiyo pipa lifike shambani kabla ya watu, na turubai la kivuli pia. Wakata miwa wengi wa Nicaragua na El Salvador wamekufa kwa ugonjwa wa figo, na joto pamoja na kukaukiwa maji vinatajwa miongoni mwa visababishi vikuu. Mfundishe kila mtu kuangalia mkojo wake: ukiwa rangi ya chai, apumzike na anywe maji yenye chumvi za ORS. Wakataze kumeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo. Kwa mwili uliokauka, dawa hiyo huumiza figo.

Vifaa: buti, kinga ya muundi, glavu ya mkono unaoshika muwa, panga na tupa ya kunolea. Vyote utoe wewe.

Mkato wenyewe: shika muwa usawa wa kiuno, usukume mbele kidogo, piga chini kabisa usawa wa udongo kwa pigo moja la mshazari, kisha kata kilele kwenye kifundo laini cha mwisho. Kisiki cha urefu wa kiganja ni sukari iliyoachwa shambani, tena sehemu tamu kuliko zote. Kilele kirefu kinapunguza utamu kiwandani. Mkata akiacha visiki virefu, kagua panga lake kwanza. Mara nyingi ni butu.

Usichome miwa zaidi ya ile inayoweza kukatwa na kusombwa ndani ya saa 24 hadi 48. Ikipita hapo sukari inapotea, na mkulima atataka hasara hiyo itoke kwenye ujira wa genge. Uamuzi wa kuchoma haukuwa wa genge. Kataa.

Hatua ya 7: Kupima na kulipa

Mizani iko kiwandani, mkata yuko shambani. Hapo ndipo tani hupotea. Chomeka kijiti chenye namba ya genge kwenye kila lundo, lori moja libebe miwa ya genge moja, na tiketi iwe na nakala tatu: dereva, mnyapara, daftari. Uzito unaorudi ubandikwe kambini jioni hiyohiyo.

Kagua kwa mita. Shamba linalotoa tani 60 kwa hekta lina kilo 6 kwa mita mraba. Mistari ikiachana mita 1.5, kila mita ya mstari ina kilo 9. Mkata wa tani 4 amefyeka karibu mita 444. Pima mistari kwa kamba. Tofauti kidogo ni kawaida, lakini mita zikisema tani 4 na karatasi ikasema 3, fuatilia lori.

Lipa kila wiki mbili, kwa simu ya mkata mwenyewe na si ya mnyapara, pamoja na hati inayoonyesha tani, bei na makato. Makato ya kufidia hasara yasizidi robo ya ujira.

Hatua ya 8: Kufunga msimu

Nauli ya kurudi ya kila mtu itengwe kwenye akaunti maalumu tangu wiki ya kwanza. Sheria inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na mizigo yake mahali alikoajiriwa au alipe nauli, na kumlipa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Siku tatu kabla ya kuondoka, soma hesabu ya kila jina mbele yake na usikilize malalamiko wakati tiketi bado ziko mezani. Malipo ya mwisho yaingie, hati ya utumishi itolewe, ndipo basi liitwe.