Usingizi Kwanza: Kutunza Akili Ukiishi Ploti ya Nairobi

Anayeishi Pipeline, Umoja au Roysambu hahitaji kuambiwa kwamba jiji huchosha akili. Shida ni aanzie wapi. Aanze na usingizi. Kelele za usiku hushtua mwili hata usipoamka: mapigo ya moyo hupanda, usingizi mzito hukatika, na asubuhi unamkaripia mtoto kwa kijiko kilichoanguka.

Ziba kwanza panapopita hewa, maana sauti nayo hupita papo hapo. Chini ya mlango ndipo pabaya zaidi: viringisha blanketi kuukuu ulilaze hapo, na kwenye fremu ubandike ukanda wa sponji. Pazia liwe zito, lizidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande. Litapunguza makali ya honi na miluzi ya makanga, lakini besi ya baa hupenya ukuta. Weka kiganja kwenye kila ukuta muziki ukipigwa; ukuta unaotetemeka zaidi usiuegemezee kitanda. Trei za mayai ni kazi bure, tena hushika moto upesi.

Vizibo vya masikio vya sponji husaidia vikivaliwa sawasawa. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 30 kivimbe. Wanaolalamika kuwa havifai aghalabu huviacha mlangoni mwa sikio.

Chumba ulichokiziba hivi usiingize jiko la makaa, hata kama Julai ina baridi. Kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yaache wazi.

Bedsita, yaani chumba kimoja cha kila kitu, ina kero yake: kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya kulia, ndicho ofisi, mpaka akili inasahau kwamba hapo ni pa kulala. Mchana kitandike shuka jingine, wewe ukae kwenye stuli au mkeka. Usiku, zikipita kama dakika 20 hujasinzia, ondoka kitandani ukae kwenye taa hafifu, simu ikiwa mbali, hadi macho yawe mazito. Saa ya kuamka isibadilike, Jumapili ikiwemo. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu, akitaka saa saba za usingizi, awe amelala saa tatu usiku. Chai nayo ina kafeini, na baada ya muda wa saa tano hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana.

Baa ikizidi, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakutetea: eneo la makazi usiku halipaswi kuzidi desibeli 35. Andika tarehe, saa na muda wa kelele kwa siku saba, uwaombe majirani watie sahihi, kisha mpeleke orodha hiyo kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Kipimo cha simu ni cha kukadiria tu. Orodha ndiyo yenye uzito.

Wikendi, tuliza akili penye miti: tembea kwa muda wa saa mbili katika msitu wa Karura au bustani ya Arboretum.

Ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, au huzuni ikidumu wiki mbili, muone daktari. Mawazo ya kujiua hayangoji hesabu hiyo: mwambie mtu usiku huohuo, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.