SOMO: Jinsi ya kupata mahali kazi inapokwama kwenye biashara ndogo (soma kabla hujaajiri wala kununua mashine)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: oda zipo, watu wapo, wote wanahangaika kutwa nzima, lakini mizigo ya wateja inachelewa; niongeze mtu au mashine? Nimelijibu mara nyingi mno. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mfano wangu ni karakana ya kushona mashati, kwa kuwa kazi yake inaonekana kwa macho. Mwenye uchapaji, tanuri la mikate au ofisi ya mahesabu atabadilisha majina tu.

Hatua ya 1. Chagua bidhaa moja inayotoka sana. Nyingine ziache kwanza.

Hatua ya 2. Ifuate kwa miguu tangu oda inapoingia hadi mteja anapokabidhiwa, na uandike kila mahali inaposimama. Meza ya bosi inakosubiri sahihi ni kituo. Ujumbe wa simu ambao haujajibiwa nao ni kituo.

Hatua ya 3. Hesabu uwezo wa kila kituo. Siku ya saa 8 ina dakika 480. Gawa kwa dakika za kipande kimoja, zidisha kwa idadi ya watu au mashine:

Kukata: dakika 2, mtu 1 = mashati 240
Kushona: dakika 30, mafundi 6 = mashati 96
Matundu na vifungo: dakika 6, mashine 1 = mashati 80
Pasi na kukunja: dakika 4, mtu 1 = mashati 120

Karakana hii haitoi zaidi ya mashati 80 kwa siku, hata mafundi wakeshe. Ukileta fundi wa saba wa kushona utalipa mshahara ili rundo lililo mbele ya mashine ya vifungo liwe kubwa zaidi.

Hatua ya 4. Pima kwa kikaratasi. Hapa someni taratibu, maana hatua hii niliwahi kuikosea na nikatibu kituo kisichoumwa. Kila bunda (tuseme mashati 10) lifungiwe kikaratasi, na kila kituo kiandike saa TATU: limefika lini, limeanza kushughulikiwa lini, limeisha lini. Wengi huandika kuanza na kumaliza tu. Ukifanya hivyo, muda wa kusubiri unapotea kwenye hesabu, na ndio uliokuwa unautafuta. Kikaratasi cha kituo cha vifungo kitasomeka hivi: limefika saa 3:10 asubuhi, limeanza saa 8:40 mchana, limeisha saa 9:40 alasiri. Kazi ya saa moja, foleni ya saa tano na nusu. Bila ile saa ya kwanza ungeona kituo kinachomaliza bunda kwa saa moja, ukakisifu.

Maonyo ya hatua hii:

Usiamini rundo kwa macho. Mpiga pasi anayewasha pasi mchana tu atakuwa na rundo kila asubuhi, wakati uwezo wake ni mashati 120. Na kituo kinachokwamisha kweli kinaweza kuonekana kisafi, kwa sababu wa kituo kinachotangulia ameshazoea kupunguza mwendo au anaficha mabunda chini ya meza.

Usiandike jina la mfanyakazi kwenye kikaratasi, na usimsimamie mtu na saa mkononi. Akihisi anapimwa yeye, ataharakisha siku mbili kisha ataandika saa za kubuni. Waeleze wazi kwamba bunda ndilo linalopimwa.

Tumia saa moja ya ukutani. Simu zikipishana dakika kumi, utapata bunda lililoisha kabla ya kuanza.

Pima angalau siku 10 za kazi na mabunda 30. Ukipata siku yenye msukosuko, usichukue wastani. Panga muda wote kutoka mdogo hadi mkubwa, uchukue wa katikati.

Hatua ya 5. Kituo kikishajulikana, kaa hapo siku nzima, uandike kila kinaposimama na kwa nini. Kwenye mfano wetu mashine ya vifungo inabadilishiwa rangi ya uzi mara 8 kwa siku, kila mara dakika 12. Hizo ni dakika 96. Zinabaki 384, sawa na mashati 64. Kwenye karatasi ni 80, mlangoni yanatoka 64, na hakuna mvivu hata mmoja.

Hatua ya 6. Kamua kabla ya kununua. Panga oda kwa rangi ili uzi ubadilishwe mara 3 tu: dakika 36 zinapotea, zinabaki 444, mashati 74. Umeongeza 10 kwa siku bila kutoa hela. Kisha kagua mashati KABLA ya kituo hiki. Shati lenye mshono mbovu likikaguliwa baada ya vifungo limeshakula dakika 6 ambazo hazirudi; mabovu 8 ni dakika 48. Kingine, mashine hii isilale saa ya chakula. Watu wapokezane.

Hatua ya 7. Zuia mzigo unaoingia. Siku mzigo unazokaa ndani ni idadi ya vilivyo ndani ukigawa kwa vinavyotoka kwa siku. Kanuni hii mtafiti Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, na haijali unashona au unaoka, ilimradi kuingia na kutoka kunalingana kwa muda mrefu. Mashati 192 ndani, 64 yanatoka: siku 3. Ukitaka siku 2, ndani yasizidi 128. Chora mstari sakafuni mbele ya kituo kinachokwama, nafasi ya mabunda 4. Ikijaa, anayekata anaacha kukata, anakwenda kusaidia kuandaa vifungo.

Hatua ya 8. Pima upya. Mkwamo huhama.

MASWALI

Mwenye saluni: Mkuu ni ndefu sana. Kwa kifupi, niajiri mtu mwingine au nisiajiri?

Jibu: Hujataja kituo, dakika wala foleni. Fanya hatua ya 3, inachukua nusu saa. Rudi na namba.

Mchapishaji: Asante kwa somo. Kinachonichanganya: mashine yangu ya kukatia karatasi inafanya kazi asilimia 90 tu ya muda, yaani nafasi ipo, lakini foleni haiishi. Inakuwaje?

Jibu: Swali zuri sana hili. Nafasi ipo, ila haipo pale unapoihitaji. Kazi zikiingia bila ratiba na kila moja ina urefu wake, mashine inakaa bure asubuhi halafu zinakuja tano kwa mpigo, na muda uliopita bure huwezi kuuweka akiba. Hesabu za foleni zina historia: Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa akishughulika na simu za Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Kwa hali ya mashine moja na kazi zinazoingia ovyo na zenye urefu usiotabirika, kusubiri kwa wastani ni sehemu ya muda yenye kazi ukigawa kwa sehemu iliyo wazi, kisha uzidishe kwa muda wa kazi moja. Kazi yako ikiwa ya dakika 10 kwa wastani: mashine ikishughulika asilimia 80, ni 80 kwa 20, yaani mara 4, kusubiri ni dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190. Kwa hiyo usilenge kuijaza. Ama uache pumzi, ama uwape wateja saa za kuleta kazi ili zisije kwa mafungu.

Mchapishaji: Kumbe! Na nikizigawa kazi ndefu vipande viwili?

Jibu: Inasaidia, mradi kuipanga mashine upya kila mara kusile ulichookoa. Pima dakika za kupanga kwanza.

Mwenye duka la mtandaoni: Haya yote ni mambo ya zamani. Programu ya kusimamia oda inaonyesha kila kitu.

Jibu: Inaonyesha kilichoingizwa. Kama watu wako wanabonyeza "imekamilika" jioni kwa mkupuo, itakwambia kazi zote ziliisha saa 11. Sijapinga programu popote kwenye somo. Nimesema pima kufika, kuanza, kumaliza. Ikiweza hayo matatu, itumie.

Mwenye karakana ya samani: Nimefanya hatua ya 2 na nimegundua mkwamo ni mimi mwenyewe. Kila makadirio ya bei yanasubiri sahihi yangu, na natia sahihi jioni tu. Nianzie wapi?

Jibu: Umeona jambo ambalo wenye biashara wengi hawataki kuliona, hongera dada. Ukisaini mara moja kwa siku ya saa 8, karatasi inasubiri wastani wa saa 4. Ukisaini mchana na jioni, saa 2. Hilo lianze kesho. Kisha chukua makadirio 30 yaliyopita uangalie mangapi uliyabadilisha. Aina ambayo hukuwahi kuibadilisha, andika kanuni ya ukurasa mmoja (kipimo, mbao, bei ya chini) umwachie msimamizi. Kwako zibaki zile zisizo za kawaida.

Mwokaji: Kwetu mkwamo ni tanuri, lakini wanaokanda wamekaa. Wananikera kuwaona wamekaa.

Jibu: Waache. Wakikanda zaidi ya tanuri linavyobeba, unga unaumuka kupita kiasi na unautupa. Wape kazi inayolisaidia tanuri: kupaka trei mafuta, kupima, kupanga ili trei zinazofuata ziwe tayari mlango unapofunguliwa.

Fundi cherehani: Nyongeza ndogo kwa wa vifungo: jazeni bobini (vibiringo vidogo vya uzi wa chini wa mashine) kumi asubuhi kabla ya kuanza. Kusimamisha mashine ili ujaze bobini ni dakika zile zile za kituo kinachokwama.

Jibu: Kweli kabisa, naiongeza hatua ya 6. Na sindano je?

Fundi cherehani: Badilisha kabla siku haijaanza, usingoje ivunjike. Ikianza kutoa mlio wa kugonga kitambaa au kuruka mishono, imeshachelewa. Na uzi wa rangi inayofuata uufunge kwenye ncha ya uzi uliopo, uuvute hadi karibu na sindano, ukate fundo, kisha utunge sindano. Hutungi njia yote upya.