Namna ya Kujiandaa kwa Upasuaji Ukiwa na CRPS

Mtu aliyevunjika kifundo cha mkono, akafungwa hogo, mfupa ukaunga vizuri, lakini mkono ukabaki unawaka moto kiasi kwamba hata nguo ikimgusa anaruka, huenda ana ugonjwa ambao kwenye faili la hospitali huandikwa CRPS, kifupi cha Kiingereza cha Complex Regional Pain Syndrome. Ni maumivu sugu ya neva yanayopita kwa mbali ukubwa wa jeraha lililoyaanzisha, yakiandamana na uvimbe, jasho, na ngozi inayobadilika rangi au joto. Kwa kuwa mara nyingi huanza baada ya jeraha au upasuaji, kisu kipya kinaweza kuuamsha ugonjwa uliokwisha kutulia, kuuzidisha, na kwa baadhi ya wagonjwa kuusambaza hadi kiungo kingine. Hata hivyo, zipo operesheni zisizokwepeka, na mgonjwa aliyejiandaa hupunguza hatari hizo.

Anza kwa kumuuliza daktari upasuaji unakwenda kurekebisha nini. Neva iliyobanwa au mfupa uliokataa kuunga ni kasoro inayoweza kuthibitishwa kwa vipimo na kushughulikiwa. Lakini lengo likiwa ni kuondoa maumivu peke yake, omba maoni ya daktari wa pili, kwa sababu hata waliokatwa kiungo kabisa wamewahi kurudiwa na maumivu yaleyale kwenye kigutu. Uliza pia kitakachoharibika ukisubiri. Kama si dharura, ni afadhali kungoja hadi uvimbe, joto na mabadiliko ya rangi yapungue; kidole tumbo, bila shaka, hakingoji.

Hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kuonana na daktari wa usingizi siku kadhaa kabla, wala si pale unapokuwa tayari umelazwa kwenye kitanda cha kusukumwa. Mwoneshe kiungo chenyewe, na umpelekee dawa zako zote katika pakiti zake. Gabapentini, pregabalini, amitriptilini na dawa za jamii ya morfini hazipaswi kuachwa ghafla kwa sababu tu umeambiwa usile kitu tangu usiku, kwa hiyo akuelekeze ipi uinywe asubuhi hiyo na kwa maji kiasi gani. Muulize kama ganzi ya neva au ya mgongo inakufaa, kama ketamini, dawa ya usingizi inayotuliza pia maumivu, ina nafasi katika hali yako, na kama mkanda wa kuzuia damu wakati wa operesheni unaweza kuepukwa au kufungwa kwa muda mfupi.

Siku yenyewe, muuguzi mwenye wodi iliyojaa atashika mkono ulio karibu naye, aufunge mpira, aanze kupigapiga ngozi akitafuta mshipa. Kabla hajafika, bandika kipande cha plasta kwenye nguo upande unaouma, kikiwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: USICHOME, USIPIME PRESHA HAPA. Ndugu anayekusindikiza naye alijue jambo hilo, maana ukishalala huwezi kusema.

Baada ya upasuaji, meza dawa za maumivu kwa saa zilizopangwa, usingoje yakushinde. Epuka barafu kwenye kiungo kilichoathirika. Daktari akiruhusu, anza kukisogeza mapema, hata kama ni kukunja vidole viwili asubuhi na jioni, kwa kuwa kiungo kinachofichwa chini ya shuka hukakamaa. Kuhusu vitamini C, utafiti wa Uholanzi uliotumia miligramu 500 kwa siku, kwa siku 50 baada ya kuvunjika kifundo cha mkono, ulionesha faida, ingawa tafiti za baadaye hazikukubaliana zote; mshauri wako aamue.

Usikubali pia kila dalili ibebeshwe ugonjwa wako wa zamani. Homa, usaha, au mguu kuvimba na kuuma kwenye shavu lake vinahitaji kuangaliwa siku hiyohiyo, na hogo linalobana hadi vidole vife ganzi au kubadilika rangi ni la kurudishwa hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.