PICK UP sio kuokota tu: somo hatua kwa hatua, na maswali ya wanachama

Habari zenu wadau. Leo naichukua "pick up" peke yake kwa sababu watu wengi wakishajua ni kuokota wanafunga daftari, alafu siku bosi anasema "business is picking up" mtu anabaki anajiuliza biashara imeokota nini. Sitaki mkariri orodha, orodha ya maana kumi na tano hakuna anayeikumbuka ikifika Ijumaa. Nataka tupate njia ya kuitambua popote utakapoisikia.

Na sisi wa Kiswahili hatuna cha kuogopa hapa maana tuna "piga". Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga deki, unapiga mbizi, unapiga kura, na hakuna mtoto wa Tanga anayedhani pasi inachapwa fimbo, anasikiliza neno linalofuata na maana inakuja yenyewe. Basi pick up nayo isikilize hivyo hivyo.

HATUA YA 1: jiulize "pick up nini?" au "pick up nani?"

Kama ni kitu cha kushika mkononi mambo ni mepesi. "Pick up that box", nyanyua hilo boksi. "She picked up a coin", aliokota sarafu. Ila angalia hii, "I have to pick up my clothes from the tailor", hapo unaenda kuchukua nguo zilizo tayari kwa fundi, na "I picked up some bread on the way home" maana yake nilipitia mkate nikanunua, hukuuokota njiani.

Kama ni mtu, mara nyingi ni kumpitia. "I'll pick you up at eight", ntakupitia saa mbili. "He picks up the kids from school", anawachukua watoto shule. Daladala ikisimama kituoni ikapakia abiria nayo ni "pick up passengers". Lakini polisi "wakimpick up" mtu wamemkamata, hawajampa lifti. Na kuna moja lazima niwaambie hasa nyie ndugu zangu wa teksi na wa hotelini: "pick up a girl" kwa Mwingereza ni kutongoza, tena mtu ambaye hata hamjuani. Kwa hiyo usimwambie meneja "I picked up a girl at the airport" wakati ulienda kumpokea mgeni, sema "I picked up a guest" au "a passenger" na hakuna atakayekuangalia vibaya.

Sasa tuje kwenye vitu visivyoshikika, hapa ndo penye utamu. Lugha, tabia, ugonjwa. "She picked up Arabic in Muscat", yaani Kiarabu kakiokoteza mtaani, dukani, kwa majirani, hajakaa darasani. "The boy has picked up bad habits", kaiga tabia mbaya huko anakocheza. "I picked up a cold on the plane", mafua nimeyapata kwenye ndege. Umeona kinachoziunganisha zote tatu? Mtu hakukaa akapanga, kitu kimemjia tu kwa kuwa alikuwa mahali pale. Ndo maana huwezi kusema "I picked up medicine at university" ukimaanisha ulisomea udaktari, udaktari hauokotezwi, hiyo ni "I studied medicine", na hiyo sentensi yako ya kwanza mtu ataelewa ulipitia chuoni kuchukua dawa.

Zingine haraka haraka: redio au simu ikinasa mawimbi ni pick up, "my phone can't pick up a signal here". Maiki nayo ikinasa sauti, "the mic picked up everything". Na "pick up the bill" ni kulipia bili ya meza nzima, kwa hiyo mtu akikwambia "I'll pick it up" huku ameshika ile karatasi, mshukuru.

HATUA YA 2: je kama hakuna kinachookotwa?

Hapo sentensi inaishia na "up" au inafuatiwa na muda au mahali tu. Angalia nani anafanya. Kama ni biashara, upepo, mauzo, afya, basi kitu kinapanda au kinapata nguvu. "Business picks up before Eid", biashara inachangamka kuelekea Idi. "The wind is picking up", upepo unazidi, wale wa visiwani mnaojua kaskazi inavyokolea kuanzia Disemba hii ni sentensi yenu. "My mother is picking up", mama anaendelea kupata nafuu.

Kama ni mtu na kuna simu, ni kupokea. "I called her but she didn't pick up". Na hapa nikae kidogo maana Afrika Mashariki nzima ile "up" tunaikata, tunasema "he is not picking my calls" na tunaelewana vizuri kabisa Nairobi mpaka Mwanza, sina ugomvi nayo. Ila Kiingereza cha mtihani na cha barua za kazi kinaona "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, kama wanavyo-pick majani ya chai kule Kericho. Kwa hiyo kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, au kwa mteja wa nje andika "he isn't picking up" au "he isn't answering my calls".

HATUA YA 3: "it" inakaa katikati

Ukitaja kitu kwa jina unaweza kukiweka popote, "pick up the box", "pick the box up", zote sawa. Lakini ukitumia it, him, her, them, me, lazima viingie katikati. "Pick it up". "Pick me up at six". Ukisema "pick up it" hiyo ni makosa siku zote, haina mjadala. Na wakati uliopita unabadilisha pick tu, "picked up", ile "pick-upped" niliyoikuta kwenye madaftari iacheni.

Matamshi pia, likiwa kitendo sauti unaikaza kwenye "up". Likiwa jina, yaani gari la pikapu au sehemu ya kupakia abiria, linaandikwa neno moja "pickup" na unakaza mwanzo.

HATUA YA 4: angalia mkia

"Pick up on something" ni kugundua kitu ambacho hakikusemwa wazi, "she picked up on his fear", alihisi anaogopa. "Pick up after someone" ni kuokota na kusafisha alivyoacha mwingine, kina mama hii mnaijua. "Let's pick up where we left off", tuendelee tulipoishia.

Zoezi: niandikieni kwa Kiswahili "He picked up malaria on the trip, but he's picking up now."

MASWALI

Dereva, Mombasa: Ticha mteja kaniandikia "pickup 6, Nyali". Nimfuate saa ngapi?

Jibu: Hiyo "pickup" ni jina, yaani kumchukua. Six ni saa kumi na mbili yetu, ila hajasema ya asubuhi au ya jioni kwa hiyo usikisie kaka, mwandikie "6 a.m. or 6 p.m.?" kabla hujalala.

Dada, Muscat: Mwalimu mimi nafanya kazi na Wabangladesh dukani, tunajifunza Kiingereza pamoja jioni, wao kwenye simu wananiambia "catch the phone". Nawaelezaje?

Jibu: Swali zuri sana dada, na jibu unalo mkononi. Kwa Kibengali kupokea simu ni "phone dhora", na "dhora" ni kushika au kudaka, kwa hiyo wanatafsiri kwao moja kwa moja. Ni sawasawa na Mkenya anavyosema shika simu! Waambie kwenye simu waache catch, waweke pick up. Upande wa kuokota wao wako vizuri kuliko sisi maana wana "tule neoya", maneno mawili yanayotembea pamoja, kuinua na kuchukua. Wanasema "boi-ta tule nao", kitabu kinatangulia alafu kitendo, kwa hiyo mazoea yao ni kumaliza na kitendo. Waanzishe na "pick the book up" watasikia kuna kitu kinaishia mwisho kama kwao, alafu badilisha kitabu kiwe it. Hata ile ya polisi wanayo, mtu akikamatwa wanasema kainuliwa, kwa hilo hilo neno la kuinua. Kinachowasumbua ni "business is picking up", hapo hakuna wa kuinua, wafundishe kama neno jipya.

Mwanafunzi wa form three: Pick up na take up tofauti yake nini?

Jibu: "He took up football" aliamua kuanza kucheza mpira. "He picked up football from his brothers" aliujua kwa kucheza nao tu. Moja kaamua, nyingine imemwingia.

Mdau, Arusha: Jibu la zoezi, "Aliokota malaria safarini lakini sasa anaokota."

Jibu: Umejaribu ndugu, tuitengeneze. Ya kwanza ina kinachookotwa, malaria, ni ugonjwa, basi "alipata malaria safarini". Ya pili haina chochote baada ya up, na anayefanya ni mgonjwa, rudi hatua ya 2 uniandikie tena.

Mdau, Arusha: "Alipata malaria safarini lakini sasa anapata nafuu."

Jibu: Hapo sawa kabisa.