Somo: Kutambua kejeli kwenye posti fupi za Kiswahili

Ana kwa ana, kejeli huonekana mdomo ukibenuliwa au sauti ikivutwa. Kwenye posti ya mistari miwili hayo yote hayapo, na anayesimamia ukurasa wa biashara au taasisi hujikuta akimshukuru mteja aliyekasirika. Jibu hilo hupigwa picha na kusambazwa kabla hajalifuta. Tutumie mfano huu:

"Hongereni sana watu wa maji. Wiki ya pili mabomba yanatoa upepo safi kabisa 👏👏👏"

Hatua ya 1: Tafuta tukio kabla ya maneno. Weka pembeni sifa zote, ubaki na kilichotokea: wiki mbili hakuna maji. Kisha rudisha sifa: "hongereni", "safi kabisa". Tukio ambalo hakuna anayelitaka likipambwa kwa sifa, kejeli iko hapo. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na wengi huiruka, wakakimbilia emoji. Kama tukio halikutajwa kwenye posti, litafute kwenye picha, kwenye posti iliyonukuliwa, au kwenye tarehe na saa. "Leo tumependelewa kweli" haisemi lolote mpaka ujue imeandikwa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa gizani.

Hatua ya 2: Pindua sentensi. Iandike upya kwa maana ya kinyume: "Mmetuangusha, wiki ya pili mabomba ni makavu." Ikioana na tukio kuliko ile ya mwanzo, umeipata. Zote mbili zikikaa sawa, usiamue bado.

Hatua ya 3: Kagua maneno madogo. Kiswahili huficha mengi humu.

"Tu" kando ya kiasi kikubwa: "Nauli imepanda elfu tano tu." Kwa safari ya daladala, hiyo "tu" haipunguzi kitu, inachoma.

"Eti" humtenga mwandishi na anachokisema: "Eti barabara itakwisha mwezi huu." Lakini "Eti, kesho kuna shule?" ni swali la kawaida. Angalia kama baada ya "eti" kuna dai la mtu mwingine.

Heshima iliyopitiliza: "waheshimiwa wetu wapendwa" kwa watu ambao mwandishi amekuwa akiwalalamikia tangu asubuhi. Pamoja nayo zipo dua ("Mungu awazidishie"), irabu zilizovutwa ("asanteeeni"), alama za kunukuu kwenye cheo ("mtaalamu" wetu), na udogo wa makusudi: "kiofisi", "kagari".

Hatua ya 4: Emoji ziwe za mwisho. 👏 na 🙃 huongeza uzito, hazithibitishi. 😂 ndiyo inayopotosha zaidi, maana wengi huiweka hata kwenye salamu. Kanuni ya kufanyia kazi: pata dalili mbili za aina tofauti, na mojawapo iwe mgongano wa sifa na tukio wa hatua ya 1. Emoji tatu bila mgongano zihesabu kuwa sifuri.

Hatua ya 5: Nani anamwambia nani? Fungua posti zake tano au sita za karibuni. Shabiki wa Yanga akiwaandikia wa Simba waliofungwa, "Poleni watani, mmecheza vizuri mno", kejeli ipo ila hakuna uadui. Ni utani wa jadi. Maneno yaleyale kutoka kwa mteja aliyesubiri mzigo mwezi mzima ni malalamiko yanayodai majibu.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. "Wenye macho wameona" nayo ni kejeli?*

Marahaba. Hapana, hilo ni fumbo. Mwandishi hasemi kinyume cha anachomaanisha, ameficha tu anayemlenga. Jaribu kuipindua: "Wenye macho hawajaona" haioani na chochote. Inaweza kuwa kijembe kikali, lakini iweke kundi lake.

*Ndugu, programu yetu ya kupima hisia inaziweka posti hizi kwenye sifa. Tufanyeje?*

Inahesabu maneno: "hongereni" ni zuri, "safi" ni zuri, basi. Inahitaji mifano iliyowekewa alama na watu. Kila posti isomwe na wawili wasioonana majibu, wakitofautiana aamue wa tatu. Iwepo na alama ya "haijulikani", la sivyo watu watabahatisha. Msitegemee hashtegi. Kwenye shindano la SemEval la 2018, la programu za kompyuta zinazochambua maana ya lugha, twiti za Kiingereza zilikusanywa kwa #irony, #sarcasm na #not, lakini ilibidi watu wazisome na kuziwekea alama upya, na hashtegi hizo zikaondolewa ili mashine isizitegemee.

*Dada, mimi najibu wateja. Nikishindwa kuamua je?*

Jibu tukio, acha sifa. Kwa mfano wetu: "Pole kwa kukosa maji wiki mbili. Tuandikie mtaa na namba ya mita kwenye ujumbe wa faragha tufuatilie." Kama alikejeli, amesikilizwa. Kama hakukejeli, hujamkosea. Usianze na "Asante kwa pongezi", na usimuulize kama anatania; aliyekaa bila maji atalichukua swali hilo kama dharau.